Namba ya Siri ya Mwalimu Latifu

Latifu alikuwa kwenye benchi la kahawa, Mtaa wa Mchikichi, anakunywa kikombe cha kukopa huku akili yote ipo Magomeni. Ijumaa ilikuwa inakuja. Na Ijumaa hiyo mzee Mrisho, baba yake Shamsa, alishasema bila kupepesa jicho: begi la bibi harusi liingie kwake limejaa. Vitenge, khanga, viatu, manukato, mpaka sabuni ya kuogea. Lisipofika, kuna kijana muuza simenti wa Ilala anasubiri zamu, na yeye begi lake tayari analo, la magurudumu.

Latifu hakuwa na begi. Hata mfuko wa rambo hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni mdomo, na mjini hapa kuna watu wamejenga ghorofa kwa mtaji huohuo.

Basi akaja Pius, muuza spea za pikipiki, ametoka China juzi kufuata mzigo, uso umemvimba kwa hasira.

"Jamani nimelala stesheni," akasema. "Pesa kwenye kadi ipo, na mimi nimelala kwenye benchi kama gunia la vitunguu."

"Kisa?"

"Mashine ya tiketi. Haina mtu, ipo yenyewe tu. Nachomeka kadi, inataka namba ya siri. Namba anayo mke wangu, mimi huwa nasahau. Nampigia, ananiuliza, wewe nani? Namwambia mimi Pius, mumeo. Anasema sauti hata matapeli siku hizi wanaiga. Akakata."

Benchi zima likacheka. Latifu hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, kama daktari anayeweka chini majibu ya vipimo.

"Kaka Pius, hiyo kadi ina chipu. Nani alikufundisha kuitumia nje ya nchi?"

"Hakuna."

"Umeona. Mtu akinunua mbuzi anauliza anakula nini. Nyie mmepewa chipu, mmepanda nayo ndege, hamjauliza chochote."

"Kwani inakula nini?"

"Ndiyo maana kuna semina," akasema Latifu.

Semina yenyewe ilikuwa imezaliwa muda huohuo, hata kitovu hakijakatwa. Lakini Pius alishaanza kuwapigia wenzake.

Ukumbi ukatakiwa. Latifu akapanda ngazi za jengo moja Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya kwanza, kwenye duka la mabegi la mama mmoja anaitwa Najma. Mtu mzima, baibui safi, miwani ya kamba shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Begi?"

"Begi nalitaka, ila la Ijumaa. La bibi harusi."

"Mashaallah. Unaoa wapi?"

"Magomeni, kwa mzee Mrisho. Binti yake, Shamsa."

Mama Najma akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Akamtazama Latifu kuanzia kiatu.

"Na unafanya kazi gani, baba?"

"Mambo ya kimataifa, mama."

Akamweleza. Wanafunzi watakaa humu dukani, wote ni wasafiri, na msafiri akikaa katikati ya mabegi atanunua tu. Mama Najma akasema hana neno, ila na yeye angependa kusikiliza, maana mtu mzima kama yeye atajulia wapi mambo ya chipu. Laiti kungekuwa na mtu pale wa kumnong'oneza Latifu kwamba mama huyu anafuata mzigo Dubai tangu yeye Latifu ananyonya. Hakukuwa na mtu.

Mchongo wenyewe ulikuwa hivi. Latifu alikodi kwa mshkaji wake mashine ya malipo, ikaunganishwa na akaunti aliyoifungua wiki ileile. Ukichomeka kadi kwenye mashine hiyo ukabonyeza namba yako, pesa inaingia kwa Latifu moja kwa moja, haipiti hata kusalimia. Ada ya semina nayo, nene kwelikweli, ikatumwa hukohuko.

Siku ya siku darasa likajaa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamekaa juu ya mabegi, kadi mkononi, kimya kama wanasubiri matokeo ya mtihani.

"Kanuni ya kwanza," akaanza Mwalimu Latifu. "Ukishachomeka kadi, usiichomoe mpaka mashine ikuruhusu. Chipu inafikiri. Ukiikatisha inachanganyikiwa."

"Kwani huko si nitasaini tu kikaratasi?" akauliza Evarista, muuza mawigi, dada mwenye sauti ya kupitia ukutani.

"Usaini kwa nani, dada? Mashine ya stesheni haina macho. Inataka namba. Kanuni ya pili: namba inakaa kichwani. Haikai kwenye simu, haikai kwa mke."

Pius akainamisha kichwa.

"Kanuni ya tatu ndiyo mama yao. Ukibonyeza, funika kwa mkono. Kama kuku na mayai yake. Dunia ina watu wenye macho marefu."

Ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli tupu. Tapeli mzembe anadanganya kila neno. Latifu alikuwa fundi, uongo alikuwa anauweka mwishoni tu, kama chumvi.

Ili wamwamini, akatoa kadi yake, ya akaunti ileile, akaichomeka kwenye mashine ya Mama Najma pale kaunta, akanunua kakufuli kadogo. Na ili hata wa nyuma waone, akaiinua mashine juu kama refa anayetoa kadi nyekundu, akabonyeza tarakimu zake nne, moja moja, kwa madaha. Mashine ikakubali. Darasa likapiga makofi. Mama Najma naye akapiga, polepole, midomo ikimcheza kama mtu anayekariri dua.

Latifu kwa mzuka ule hata kadi hakuichomoa. Akairudisha mashine kaunta, akatoa mashine ya kwake, ile ya kukodi, kutoka kwenye mkoba.

"Sasa mazoezi. Kila mtu analipa bei ya begi moja, bei kamili. Mkono ukizoea shilingi mia, ukikutana na pesa ndefu utatetemeka. Ni mazoezi tu, kesho pesa inarudi kwenye kadi."

"Inarudije?" akauliza Evarista.

"Kwa chipu," akajibu Latifu, na uso ukawa mzito kiasi kwamba Evarista akaona aibu kuuliza tena.

Wakapanga foleni. Kila mmoja akachomeka, akasubiri chipu ifikirie, akafunika kwa mkono, akabonyeza. Wanafunzi wazuri ajabu. Na kila mmoja alipobonyeza, simu ya Latifu ilitetemeka mfukoni kama kifaranga.

Akafunga semina kwa maneno ya hekima, akashuka ngazi mbilimbili, akadaka bodaboda mpaka Posta, akasimama mbele ya mashine ya kutolea pesa huku anapiga mluzi. Akapeleka mkono mfukoni.

Hakuna kadi.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa benki: *Umelipa Najma Mabegi.* Na kiasi chake, Mungu ninusuru, mabegi ya darasa zima.

Ikatetemeka tena. *Umelipa duka la vitenge.*

"Turudi Kariakoo," akamwambia bodaboda, "kama vile umeiba."

Njiani akapiga benki wafunge kadi. Dada mmoja mpole akapokea. "Pole kaka. Kuna mtu yeyote aliyeiona namba yako ya siri?"

"Darasa zima."

"Sijakusikia vizuri. Na hizi pesa nyingi zilizoingia leo, kwa kumbukumbu tu, zilikuwa malipo ya nini?"

Latifu akakata simu mwenyewe, kwa heshima zote.

Pale Narung'ombe akakutana na wanafunzi wake wanashuka ngazi, kila mtu na begi jipya. Duka limefungwa.

"Mwalimu," akasema Pius, amemkumbatia kabisa, "mbona hukutwambia pesa inarudi kwa njia ya begi? Mama katugawia, kasema ndiyo mazoezi yetu yale."

"Mimi nimechukua jekundu," akasema Evarista. "Nisamehe kaka yangu. Moyoni nilishasema huyu tapeli."

Simu ikatetemeka. Viatu, Mtaa wa Kongo. Latifu akakimbia, akapenya kati ya mikokoteni na wauza soksi, akafika anahema.

"Mama wa miwani?" akasema muuza viatu. "Katoka sasa hivi. Kachukua jozi tatu, kisigino kifupi."

Simu. Manukato. Akakimbia.

"Kapita. Kanusa chupa zote, yule mama anajua."

Simu. Khanga. Simu. Mashuka. Kila alipofika, pesa yake ilikuwa imeondoka dakika hiyohiyo. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa sabuni ya kuogea. Baada ya hapo simu ikatulia, maana hakukuwa tena na kitu cha kuitetemesha.

Alipokaa chini kwenye ngazi za duka la watu, ikalia yenyewe.

"Mwanangu," ikasema sauti ya Mama Najma, "namba yako kanipa Pius. Begi lako nimeliacha kwa muuza kahawa wako, Mchikichi, kanielekeza yeye. Nimelifunga. Ijumaa usichelewe." Akakata.

Begi lilikuwepo kweli, kubwa, zito, na kufuli la tarakimu nne. Latifu akajaribu namba mpaka vidole vikaota sugu. Akalitikisa. Halikusema kitu.

"Mawe hayo," akasema muuza kahawa. "Mimi ningekuwa wewe ningepanda basi la Tanga."

Wazo hilo alikuwa nalo. Lakini kwenye simu kulikuwa na sauti ya Shamsa, imetumwa asubuhi: "Latifu, mashangazi zangu wote wanakuja. Usiniaibishe." Akaisikiliza, akairudia. Unaweza kuwatapeli Kariakoo nzima, lakini kuna sauti moja tu duniani inayokutoa jasho.

Ijumaa akaingia Magomeni na begi lake la mawe.

Sebule imejaa kinamama juu ya mkeka. Mzee Mrisho kwenye kiti. Shamsa nyuma ya pazia, macho tu yanaonekana.

"Tunamsubiri dada yangu mkubwa," akasema mzee Mrisho. "Kwetu begi anafungua shangazi."

Pazia la mlango likasogea. Akaingia mama, baibui safi, miwani ya kamba shingoni.

Latifu akasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu."

"Kumbe mnajuana?" akauliza mzee Mrisho.

"Kanifundisha, mdogo wangu. Kijana ana somo zuri sana." Akakaa mbele ya begi. "Leo afungue mwenyewe."

"Shangazi, namba siijui."

"Unaijua. Ileile uliyotuonyesha wote."

Latifu akazungusha tarakimu. Kufuli likaachia. Akafumba macho akisubiri mawe.

Alichosikia ni vigelegele. Vitenge vilifurika mpaka mkekani, khanga doti kwa doti, viatu jozi tatu, manukato, mashuka, sabuni. Latifu akafumbua macho na kila kitu alikitambua kwa ujumbe wake wa simu. Juu kabisa, katikati ya khanga, imelazwa kadi yake. Nyuma ya pazia Shamsa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kijana wa simenti akawa historia.

"Bado changu," akasema Shangazi Najma. "Kifungua begi, haki ya shangazi." Akafungua mkoba, akatoa mashine yake ya malipo, akaiweka mbele ya bwana harusi. "Siku hizi tunapokea kadi."

Kinamama wakasogea waone. Latifu akachomeka kadi. Akasubiri chipu ifikirie. Kisha akainama, akaifunika mashine kwa kiganja, akasogeza na bega, akasogeza na kanzu, akabonyeza bila hata nzi kuona.

Mashine ikawaza. Ikaandika: *Salio halitoshi.*

"Najua," akasema Shangazi Najma, akiirudisha mkobani. "Nilitaka kuona kama mwalimu ameelewa."