Kushuka kwa Bibi Cherehani Ngazi Arobaini na Nne

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe unayetafuna, hebu meza kwanza, maana habari hizi hazisikizwi kwa mdomo uliojaa. Namtaja Bibi Cherehani, mjane wa miaka sabini na minane, mshonaji mstaafu wa sare za shule, mtawala wa vyumba viwili orofa ya tatu, ambaye vumbi likimwona huhama lenyewe.

Binti yake alikuwa ofisa wa zimamoto, shujaa aliyeingia kwenye mioto mingi akatoka anakohoa tu. Kwa nafsi yake hakuogopa lolote. Hofu yake yote ilikuwa kwa mama. Basi akamwandalia mkoba mwekundu wa dharura: dawa za presha za wiki mbili, tochi, maji, miwani ya akiba, nakala za vyeti, na namba za simu kwa herufi kubwa. Kisha akatoa hukumu.

"Mama, nikipuliza filimbi, uwe getini na mkoba ndani ya dakika tano. Nakupa majaribio matatu. Ukishindwa, unahamia kwangu, kile chumba cha nyuma, na hapo hatubishani."

Bibi alikijua chumba kile. Dirisha lake latazama ukuta, na mkwewe huanika humo soksi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa na mlango wake na ufunguo wake, leo akawe mgeni wa soksi? Roho ilimuuma, lakini akajifunga kibwebwe.

Filimbi ya kwanza ikalia. Mlinzi wa geti, mtunza saa wa vita hivyo, akahesabu dakika ishirini na mbili ndipo Bibi akatokea, kajipaka mafuta, kavaa kitenge kipya.

"Mama, nyumba inaungua, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naosha vyombo. Wenzako waingie na mipira yao ya maji wakute masufuria machafu? Watasema mama wa ofisa wao ni mtu wa namna gani? Aibu hiyo, mwanangu, haizimwi na gari lenu lolote."

Filimbi ya pili, dakika kumi na nne. Mkoba ulikuwa mpya, tena mzuri, kwa hiyo Bibi alikuwa ameutia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo saba, akaufungia kabatini na kuuficha ufunguo wezi wasiupate. Hata yeye hakuupata.

Likabaki jaribio moja. Bibi akautundika mkoba msumarini karibu na mlango, uchi kabisa, bila nailoni, na tangu alfajiri hakuacha hata kijiko kichafu. Lakini ofisa naye si mtoto; akangoja mpaka mama kalala baada ya chakula cha mchana, ndipo akapuliza.

Bibi akaruka, kama goti lilivyomruhusu. Akavaa viatu, akatwaa mkoba, akashika kitasa, na dakika tano zilikuwa bado hazijaisha. Hapo ndipo, lo, akageuka nyuma akakiona kitanda.

Shuka lilikuwa linaning'inia. Mto umeanguka. Tangu aolewe, hakuna kiumbe aliyewahi kukiona kitanda chake hakijatandikwa. Mkono ukamtoka kuelekea shuka, akaurudisha. Ukatoka tena, akaukamata kwa ule wa pili. Jasho likamtiririka. Majeshi makubwa yamepigana kwa taabu ndogo kuliko ile.

"Kaa hivyo hivyo," akakiambia kitanda, akafunga mlango.

Akazishuka ngazi arobaini na nne, mkono kwenye chuma, akimlaani fundi aliyezijenga, mpaka getini.

"Dakika nne na sekunde hamsini na moja," mlinzi akatangaza, akavua kofia.

Ofisa hakuamini. Akapanda mwenyewe kukagua, maana alimjua mama yake. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

"Mama, hujatandika kitanda."

"Sikutandika," akajibu Bibi, kwa sauti ya mtu anayekiri mauaji.

Binti akamkumbatia hapo hapo mbele ya mlinzi. "Basi kaa kwako, mama. Sitakutajia tena habari ya kuhama."

Na iandikwe, wajukuu wa wajukuu wasome, kwamba siku ile saa nane na robo mchana kitanda cha Bibi Cherehani kililala wazi dakika kumi na mbili nzima, na dunia haikuanguka. Ya kumi na tatu ilimkuta juu, kwake, anatandika shuka.