Tulivyoyafagia Maafa Yetu

Leo nimejiumbua, na panga nililotumia ni langu mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita upepo na mvua ya mawe vilipita huku kwetu Kimuli, vikaiangusha migomba kana kwamba vina ugomvi nayo. Kibanja chetu, shamba lile linaloizunguka nyumba na kutulisha tangu nizaliwe, kililala chini chote. Ikapona migomba tisa. Tisa! Machipukizi yatachukua mwaka na zaidi kuzaa. Kwa hiyo tuliposikia serikali inatoa kifuta machozi kwa walioathirika, nikaandika barua ya maombi. Niliiandika kwa moyo wangu wote (kosa la kwanza).

Jana mtendaji wa kijiji akapiga simu: kamati ya tathmini inakuja kesho saa sita.

Mama akashika kiuno. "Wageni wa serikali wapite kwenye uchafu huu?"

"Mama, uchafu ndio wanaokuja kuuona."

"Hakuna atakayesema kibanja cha marehemu baba yako kina takataka. Chukua panga!"

Nikachukua (kosa la pili). Huku kwetu afadhali mgeni akukute hujavaa shati kuliko akute kibanja kichafu. Tukakata mashina yote yaliyolala, tukayachanachana, tukayatandaza chini na kuyafunika kwa majani makavu. Ile tisa tukaiegemeza kwa magongo. Leo asubuhi Mama akafagia hadi njia. Nikasimama kutazama jua likiyamulika majani yale, nikaona fahari. Fahari, jamani!

Wakaja watatu: mtendaji, bwana shamba, na dada mmoja mwenye kishikwambi, ndiye mkubwa wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni mle kwanza."

Mama alikuwa amepika mkungu wetu wa mwisho uliokomaa, na maharage. Wakala. Wakaongeza.

Kisha tukaingia shambani, majirani nyuma yetu. Dada akageuka huku na huku. "Migomba iliyoanguka iko wapi?"

"Unaikanyaga," nikasema.

Bwana shamba akachutama, akafunua majani. "Hili shina limekatwa kwa panga. La upepo huvunjika. La panga ni la mavuno."

"Tulisafisha tu!"

"Mnasafishaje maafa?"

Dada akatoa barua yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote: "'Migomba yetu imelala kifudifudi kama waombolezaji, na hakuna wa kuwainua.'" Akaitazama ile tisa, imenyooka na magongo yake. "Naona wameinuliwa."

Kicheko! Aliyecheka zaidi ni jirani yetu Baba Denisi, hadi akashikilia gongo letu asianguke. Baba Denisi hajapalilia tangu mwaka juzi. Upepo ulimwangushia migomba mitatu. Mingine ilikuwa imeshajiangukia yenyewe kwa kukata tamaa. Kamati ikaenda kwake. Picha kila pembe. "Pole sana, mzee! Haya ndiyo maafa!" Jina lake likaingia kwenye kishikwambi.

Sisi tumeandikwa: kaya haikuathirika, shamba la mfano. Mama akapigwa picha, eti wakulima wengine waige.

Walipoondoka akaniuliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema kibanja chako ni kizuri."

"Si nilikwambia?" Kisha akakitazama chungu kitupu, akakaa chini.

Sasa hivi ametoka hapa Baba Denisi. "Mwanangu, hiyo hela ikija, utakuja kunisafishia kama kwenu? Nitakulipa."

Nimekubali. Tutakula nini? Chekeni basi, lakini kwa chini, Mama asisikie. Na upepo ukirudi tena huku, sitanawa hata uso.