Kiazi Kisichokauka

Jumatatu, 10 Machi
Kichwa hakiumi. Hapo ndipo penye shida.

Kutoka mlangoni pa karakana yangu, ninapotengeneza cherehani mbovu za mji mzima, naona ng'ambo ya barabara kibanda cha Doña Otilia, mjane auzaye majani ya dawa. Leo tena Mwalimu Crisóforo kaletwa na kipandauso chake, kajifunika kitambaa machoni kama maiti mstaarabu. Doña Otilia kamketisha kwenye kiti kifupi. Kakata kiazi kibichi, vipande viwili vyembamba, kavichovya kwenye siki, kavibandika kwenye panja za Mwalimu. Kisha kavikandamiza kwa vidole gumba akihesabu taratibu mpaka mia.

Mia nzima. Mimi uso wangu haujaguswa na mtu tangu mama afariki, ukimtoa kinyozi, naye ana haraka.

Nataka mia yangu. Sidhani ni tamaa kubwa.

Jumanne, 11 Machi
Nimevuka barabara nikiwa nimekunja uso. Nimemwambia nina kipandauso. Akauliza kinauma upande gani. Nikasema pande zote. Akasema kipandauso huwa na upande wake, jirani, hakitawali kichwa kizima. Nikachagua kushoto. Akauliza kama mwanga unaniumiza. Nikasema unaniua. Nilikuwa nimelitazama jua muda wote huo.

Hata hivyo alinibandika. Vidole vyake vina harufu ya majani ya mchungwa. Moja, mbili, tatu, kwa sauti ya chini kama mtu anayesali peke yake. Kufika arobaini nilisahau jina langu. Kufika tisini nilianza kuhuzunika.

Akaniaga kwa agizo ambalo kila mtu hapa Tlacolula analijua ila mimi nilijifanya silijui: nilale navyo. Maumivu yakiwepo hunywa maji ya kiazi, na kipande hukauka kikajikunja. Kikibaki kibichi, hakukuwa na ugonjwa, naye hapotezi mikono yake kwa mtu asiyeumwa. Nimletee kesho avione.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka. Vipande vibichi kabisa. Vingefaa kwa supu.

Nimevikausha kwenye kikaango cha udongo cha dada yangu Benigna, ninayeishi naye nyuma ya karakana, kabla hajaweka chapati zake za mahindi. Benigna kaniuliza tangu lini nimeanza kula viazi vya mafuta ya nywele. Sikumjibu. Dada mkubwa ukimjibu mara moja anapata nguvu.

Doña Otilia aliviangalia. Akavinusa. Akavinusa tena. Akasema katika miaka thelathini ya kazi hii hajaona kipandauso chenye harufu ya pilipili ya kuchoma. Nikasema changu ni kikali. Akakubali kwa kichwa, polepole mno.

Akasema kwa ugonjwa mzito kama huo kiazi hakitoshi, lazima ung'olewe mzizi. Basi: kahawa, hapana. Chokoleti, hapana. Jibini iliyokaa, hapana. Kulala saa tatu usiku, kuamka saa kumi na moja, siku zote bila kubadilisha. Kula kwa wakati. Maji mtungi mzima. Kutembea hadi darajani na kurudi. Na vidole vyake? Akasema tutaona Jumamosi.

Nimekubali yote. Angeniambia nizikwe ningeuliza tu saa ngapi.

Alhamisi, 13 Machi
Mimi ni mtu wa vikombe vinane vya kahawa kwa siku. Leo sifuri. Nimetembea hadi darajani. Hakuna kitu darajani.

Niliporudi, Mwalimu yuko kitini. Akaniita kwa sauti ya mgonjwa: "Don Wenceslao, nimesikia na wewe umo. Pole sana. Siwezi kumwombea adui yangu kitu hiki." Mtu mwema. Namwonea wivu mtu anayetapika mara mbili kwa juma.

Nilihesabu pamoja na Doña Otilia kutoka mlangoni pangu. Kapewa mia na kumi.

Jioni kichwa kimeanza kuwa kizito. Nadhani ni wivu.

Ijumaa, 14 Machi
Si wivu.

Msumari nyuma ya jicho la kushoto. Mwanga unapita tundu la ufunguo. Siwezi kuand

(Saa kumi jioni.) Naandika yale aliyonisimulia Benigna. Alinivusha barabara akinishika ukosi. Doña Otilia hakuuliza upande wala mwanga, alinitazama mara moja tu. Akashusha pazia. Miguu kwenye maji ya moto, kitambaa baridi kisogoni. Akasema, "Huyu kahawa inamdai. Mjinga mimi, nilitaka kumtania tu, sikujua anakunywa pipa." Akaninywesha kikombe kidogo, cheusi, bila sukari. Halafu viazi. Halafu vidole.

Benigna anasema alihesabu mpaka mia tatu. Anasema hajawahi kumwona mwanamke akihesabu vile.

Mimi sikumbuki hata moja. Nakumbuka beseni, na kwamba aliyenishikia ni Mwalimu Crisóforo.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeamka mwepesi. Vipande vimekauka vyenyewe, vimejikunja kama maganda ya kitunguu. Nimevibeba kwenye leso safi kumwonyesha. Alivitazama, akavitupa. Nilidhani ataviweka.

Akasema nirudie kahawa kidogo kidogo, vikombe viwili tu, nisiikate tena kwa siku moja kama kichaa. Kisha, akifunga mafungu ya majani bila kuinua macho, akasema jioni hukaa hapo mpaka saa kumi na mbili. Akasema kiti huwa kitupu. Akasema mtu anaweza kuja akanywa chai ya majani ya mchungwa hata kama hakuna kinachomuuma. Mwalimu huja kwa sababu anaumwa. "Wewe njoo tu," akasema. Akaongeza kwamba ile Jumanne, nilipolitolea jua macho, alicheka hata baada ya kufunga kibanda, na kwamba nyumba yake haikuwa imesikia kicheko tangu marehemu mumewe afariki.

Nilimshukuru. Nikamwambia sipendi kumsumbua bure.

Aliliacha fungu la majani bila kulifunga. Akaingia ndani.

Jumapili, 16 Machi
Siku ya gulio. Umati wote umepita, na kiti kimekaa kitupu mpaka saa kumi na mbili. Nilikitazama nikiwa nimeinamia cherehani ya mtu mwingine.

Nimefikiri sana. Mwanamume hawezi kuvuka barabara mikono mitupu bila sababu. Ni wazi alikuwa ananidokeza: habari ya kichwa imekwisha, nitafute ugonjwa mwingine. Benigna anasema Doña Otilia hutibu pia vifundo vilivyoteguka. Huweka mguu wa mgonjwa mapajani, akaukanda kwa majani ya moto nusu saa nzima, bila kuhesabu. Kesho asubuhi nitateleza mbele ya karakana. Nimeshamwaga maji ya sabuni kwa majaribio.

Saa moja mlango ukagongwa. Ni yeye. Nilichungulia dirishani nikaona chupa ya chai mkononi mwake na vikombe viwili. Kajisuka nywele upya.

Nilimnong'oneza Benigna aseme sipo. Benigna akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyochacha, lakini akasema. Nilisikia Doña Otilia akisimama kidogo. Kisha hatua zake zikavuka barabara, taratibu.

Nusura aharibu kila kitu. Angenikuta nimesimama wima kwa miguu yote miwili.