Vichupa Viwili Visivyo na Lebo

Jumatatu, 2 Februari
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu neno hata moja. Hasa Marcel wa maabara.

Lebo zimebanduka! Vichupa viwili vya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, vyote unga mweupe. Kanuni hapa ni kubandika lebo kabla ya vichupa kuingia friza. Mimi nilibandika baadaye, juu ya barafu, ili zikae sawasawa. Ijumaa vinapelekwa chuo kikuu, pamoja na karatasi yangu ya kulinganisha miundo. Ijumaa hiyohiyo bosi, Bi Thorvaldson, anaamua kama naajiriwa au narudi kwa mama huko Dauphin. Kichupa kimoja kina kifuniko cha bluu, kingine chekundu. Walau vinapendeza.

Jumanne, 3 Februari
Winnipeg imeganda. Nimetundika koti ukutani, mbele ya meza yangu, nikasoma miundo hadi macho yakauma. Peptidi zote mbili ni mnyororo wa asidi amino ishirini na tisa, mpangilio uleule. Tofauti moja tu: ya pili imeunganishiwa mkia mrefu wa mafuta. Kwa hiyo molekuli yake ni nzito zaidi. Basi nipime! Akili ninayo.

Marcel akanikuta nimeinamia mizani. Akauliza Profesa Borshti, yaani mimi, ananunua nyanya kilo ngapi. (Nilimwaga borshti, ile supu nyekundu, maabara mara moja tu. Moja!)

Jumatano, 4 Februari
Uzito sawa. Nimepima mara kumi na moja. Ndipo nikakumbuka: kila kichupa hujazwa miligramu tano, molekuli iwe nzito iwe nyepesi. Nani huandika hizo tano kwenye lebo? Mimi.

Mashine ya Marcel ya kupima uzito wa molekuli ingejibu kwa dakika kumi. Nimwombe Marcel? Heri Dauphin.

Alhamisi, 5 Februari
Mpango mpya! Sabuni hutokana na mafuta, basi chenye mkia kitatoa povu. Nimevitikisa mpaka bega likateguka. Unga mkavu hautoi povu. Bi Thorvaldson akapita, akauliza ninacheza ngoma gani. Marcel, mdomo umejaa perogi za viazi, akamjibu kwamba Profesa anaviamsha.

Ijumaa, 6 Februari
Nimekiri. Kwa machozi. Mbele ya wote wawili.

Marcel akanishika bega, akaniita mdogo wake, akasema bluu ina mkia, nyekundu haina, na imeandikwa ukutani. Ukuta gani? Akaliondoa koti langu. Tangazo kubwa la rangi za vifuniko, herufi nene.

Bi Thorvaldson alicheka mpaka akakaa chini. Akasema karatasi yangu ya miundo hata mjomba wake angeielewa. Nimepewa miezi mitatu zaidi! Sharti: lebo kabla ya friza.

Jumatatu, 9 Februari
Vimeletwa vichupa arobaini, vifuniko vyeupe vyote. Nimeviweka friza kwanza. Lebo kesho, zikae sawasawa. Safari hii nina gundi kali.

Ukitaka kunipata, usipige simu ofisini. Andika barua, itumbukize kwenye mfuko wa kushoto wa koti la kijani, lile la ukutani. Limerudi palepale. Nyuma yake wamebandika tangazo jipya. Nitalisoma nikipata nafasi.