Jinsi Mtende wa Tseno Ulivyovishwa Taa za Kuzman

Sogeeni, enyi watu wa kando ya mto Danubi, mliopasua kuni na mliopasuliwa midomo na baridi! Acheni kutunga pilipili kwenye nyuzi, shusheni vikombe, nyamazisheni redio. Maana mimi Gavril, mchochea moto wa mtambo wa rakia, ile pombe kali ya zabibu, wa mtaa wa juu, nataka kuwahadithia vita ambavyo hakuna mwanazuoni aliyeviandika, kwa kuwa siku hiyo wanazuoni wote walikuwa ndani wamejigubika mablanketi. Nawe, ewe moto wa chini ya chungu cha shaba, uliyekuwapo na kuyasikia yote, niwashie ulimi, wala usiniache nikaongeza chumvi kupita inayohitajika.

Namsifu Tseno mwana wa Asparuh, dereva mstaafu wa basi la mji wa Lom, Ngao ya Makuti, Sultani wa ua usiotosha kugeuzia mkokoteni. Na pamoja naye nausifu mtende wake. Tuuite mtende kwa kukosa jina jingine, ingawa haujapata kuzaa hata tende moja ya kumdanganyia mtoto: ni mti wa ukoo huo, asili yake milima ya mbali inayoijua theluji, shina lina manyoya kama mgongo wa mbuzi, na makuti yake yametanuka mfano wa vipepeo vya kupepelea mkaa. Mbegu yake ilifukiwa katika kopo la mtindi na Ralitsa, binti pekee wa Tseno, zamani alipokuwa na mapengo mdomoni. Leo Ralitsa yuko Hispania akiwatunza wazee wa watu, katika mji ambao mitende imejipanga barabarani kama nguzo za umeme wala hakuna anayeitupia jicho, na kila Jumapili akipiga simu, kabla hajaliulizia goti la mama yake wala presha ya baba yake, huuliza, "Mtende wangu mzima?"

Mwaka huo alikuwa ameahidi kuja Pasaka, baada ya miaka mingi ya kusema mwakani. Tseno akaapa mbele ya simu kwamba ataukuta hai. Kiapo hicho ndicho kilichomtia vitani, na laiti angeapa jambo jepesi zaidi, kama vile kuacha sigara.

Ng'ambo ya ukuta alikaa adui. Jina lake Kuzman mwana wa Lazar, fundi bomba mstaafu, Bwana wa Mapipa, mwenye sharubu zilizoogopwa na paka. Yeye mtende hakuuita mtende, aliuita fagio. Kila asubuhi alichungulia juu ya ukuta na kuuliza fagio limeamkaje. Lakini chanzo cha uhasama hakikuwa mti. Kwetu mwanamume aweza kukubali kwamba jirani ana mke mwema kuliko wake, mwana mwerevu kuliko wake, hata nguruwe mnene kuliko wake. Ila kwamba jirani anapika rakia bora kuliko yake, hilo hulikana mpaka kaburini. Hawa wawili walikuwa wakipika zabibu zao katika mtambo wangu kila mwaka, siku zilizofuatana, na kila mwaka kila mmoja alionja ya mwenzake, akakunja uso, akasema inafaa kusugulia magoti.

Basi majira ya kupukutika majani yalipofika, Tseno akaivaa kazi. Akasimamisha miti minne kuuzunguka mtende, akayafunga makuti pamoja kama mtu anayesuka nywele za bibi harusi, akauvisha kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia miche, na kati ya kitambaa na makuti akajaza majani makavu ya mjozi. Chini ya kitambaa akauzungushia taa za Krismasi, kwa kuwa wapandao mitende katika nchi za barafu wanajua siri hii: taa ndogo zikiwaka humo ndani, joto lake hutosha kuulinda moyo wa mti. Tseno, mtu wa maendeleo, aliona haya kutumia taa zake za zamani. Akanunua mpya, za kisasa, zilizosifiwa kuwa hazili umeme. Zile za zamani akamrushia Kuzman juu ya ukuta kwa maneno ambayo baadaye alitamani ayameze: "Chukua takataka hizi, jirani, zikukumbushe karne yako."

Kuzman akazichukua. Alizikunja vizuri bila kutukana, na hilo peke yake lingetosha kumtia hofu mtu mwenye akili.

Usiku wa kuziwasha, mtende uling'aa buluu na nyeupe hata watu wa mtaa wa chini wakapanda kuja kuutazama. Kuzman akatamka kwamba hajapata kuona fagio likiozeshwa kwa fahari namna ile. Tseno akacheka kicheko cha mshindi, akaingia ndani kulala.

Ndipo Januari ikaja, na ndani ya Januari akaja Mfalme wa Kaskazini, baridi kuu, yule asiyebisha hodi. Aliitwaa Romania, ng'ambo ya mto, kabla ya kifungua kinywa. Danubi hakuuvuka kwa mtumbwi, bali alijitengenezea daraja la barafu akapita na jeshi lake lote kwa miguu. Mchana kipimajoto kilikuwa kumi chini ya sifuri, na redio ikasema giza likiingia kitafika ishirini na zaidi. Tseno hakushtuka. Akatoka na glavu zake kwenda kuisalimu ngome yake, akavua glavu moja, akapenyeza mkono chini ya kitambaa apate kuliona joto.

Hakulikuta. Taa zilikuwa zinawaka kama macho ya malaika, nazo zilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Mkewe Dafina, mwanamke aliyepima kila jambo kwa mizani ya jikoni, akatoka na shali, naye akapenyeza mkono. "Hizi si ndizo zile ulizoambiwa hazili umeme?" akamwuliza. "Basi mume wangu, umeona wapi asiyekula akapata joto?"

Tseno akauliza, kwa sauti ambayo abiria wake hawakupata kuisikia, zile za zamani ziko wapi. Dafina akageuza uso kuelekea ukutani.

Sasa tazameni, enyi wasikilizaji, jinsi shujaa anavyotembea akienda kuomba. Hatembei kifua mbele. Tseno alipita getini mara tatu akirudi mara tatu, kisha akaja mpaka kwenye mtambo wangu, maana siku hiyo Kuzman alikuwa anapika machicha yake ya mwisho ya zabibu, na wanaume wa mtaa walikuwa wamejikusanya humo kwa ajili ya moto na, tuseme kweli, kwa ajili ya kuonja. Mlango ukafunguka, ukungu wa baridi ukaingia kwanza, Tseno akafuata na theluji kwenye nyusi.

"Kuzman mwana wa Lazar," akaanza, akiwa amesimama wima kama aliyeitwa kuhutubia jeshi, "jirani wa ujana wangu na wa mvi zangu, tuliokula chumvi pamoja, tuliopandishiana kuta na kuangushiana matofali, leo sikuja kwa shari. Nimekuja kwa ajili ya kiumbe kisicho na mdomo..."

"Ukiniita mwana wa Lazar najua una shida," Kuzman akamkata. "Zungumza kama mtu."

"Zile taa."

"Zipi? Takataka?"

"Hizo hizo."

Kuzman akasokota sharubu upande mmoja, akahamia wa pili. Akasema taa hizo amezizungushia pampu yake ya maji uani. "Nikizivua leo pampu inapasuka. Mimi ni fundi bomba, sihitaji kupiga ramli. Haya niambie, Tseno, nipasukiwe pampu kwa ajili ya fagio?"

Hapo hotuba ilimkaukia shujaa kinywani. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya fahari njiani, nayo yote yakaganda. Akabaki na moja tu.

"Ralitsa anakuja Pasaka."

Rakia ilidondoka kutoka mrijani, tone kwa tone. Kuzman alimjua Ralitsa. Ndiye aliyemtengenezea baiskeli yake ya kwanza, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliinama, akakinga kikombe kidogo chini ya mrija, akakijaza, akamnyooshea adui yake mbele ya watu wote.

"Onja," akasema. "Kisha useme, Gavril na hawa wakiwa mashahidi. Ya nani bora?"

Ee moto, niongezee kuni, maana hapa ndipo vita vyenyewe! Wapo waliokatwa mikono wakaendelea kupigana. Wapo waliozingirwa mwaka mzima wakala viatu. Lakini ni nani kati yao aliyewahi kusimama na kikombe cha jirani mkononi, wanaume wa mtaa mzima wakimtazama koo? Tseno akanywa. Niliona jasho kwenye paji la uso wake. Nyuma yake alisimama baba yake Asparuh, na babu yake, na mapipa yao yote, wakimwangalia toka ahera kwa macho makali. Mbele yake alisimama msichana mwenye mapengo ameshika kopo la mtindi.

"Yako," akasema.

"Sijasikia. Chungu kinatokota."

"Rakia yako, Kuzman, ni bora kuliko yangu."

Mzee mmoja akavua kofia. Kuzman hakucheka, wala hakusema nililijua. Akavaa koti, akasema, "Twende kabla giza halijaingia," na wale mahasimu wawili wakatoka pamoja mlango mmoja, jambo ambalo halijaonekana tangu mazishi ya padri wa zamani.

Kuzman mwenyewe alizivua taa kwenye pampu kwa vidole vyake vilivyozoea mabomba. Tseno akakifungua kitambaa. Upepo ukawapiga usoni, majani ya mjozi yakaruka, ngazi ikateleza, Kuzman akaanguka kwenye theluji akaapa kwa lugha ambayo sitairudia mbele ya kina mama. Lakini zilipowaka, nyekundu, manjano na kijani, za karne iliyopita, zenye njaa ya umeme, Tseno aliweka kiganja juu yake akakiondoa haraka kwa moto. Alicheka peke yake kama mtoto. Naye Dafina, aliyekuwa akisema miaka yote kwamba pembe ile ingefaa zaidi nyanya, akatoka amebeba mfarishi wa sufu aliopewa na mama yake siku ya harusi, akaurusha juu ya ngome yote.

"Ukitoboka," akasema, "utahamia humo ndani ulale na mti wako."

Mfalme wa Kaskazini alituzingira juma zima. Maji ya bomba yalikatika, kuku waliganda miguu, basi halikuja. Pampu ya Kuzman ilipasuka usiku ule ule wa kwanza, kama alivyosema. Mpaka mwezi Machi alikuja kuteka maji kisimani kwangu kwa ndoo, mzee wa watu na mgongo wake, na nilipomwuliza kulikoni alinijibu pampu ilikuwa imezeeka. Kwa Tseno hakusema lolote. Nilimwambia mimi, maana moyo wangu si chungu cha shaba.

Machi mosi watu walivaa nyuzi zao nyekundu na nyeupe mkononi, kama ilivyo ada, na kila aliyeona korongo angani au mti umechanua aliuvua uzi wake akaufunga tawini. Miplamu ikachanua, mikono yote ikabaki mitupu, isipokuwa mkono wa Kuzman. Tseno alikuwa ameivua ngome. Makuti ya nje yalikuwa ya kahawia kama tumbaku. Yote sasa yalitegemea lile kuti changa la katikati, lililokunjwa bado, ambalo wapanda mitende huliita mkuki. Huvutwa kwa mkono: likikataa, mti u hai, likitoka, moyo umeoza, na hakuna tena la kufanya. Tseno alilikaribia kila asubuhi, na kila asubuhi alikumbuka shughuli nyingine.

Jumamosi ya Pasaka, basi la Ralitsa likiwa njiani, Kuzman akapanda ukuta kwa mara ya kwanza badala ya kuchungulia.

"Vuta," akasema.

"Siwezi. Vuta wewe."

Kuzman akaushika mkuki kwa vidole viwili, kama atoaye unywele kwenye unga. Akavuta kidogo. Akavuta tena, kwa mkono mzima. Dafina alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Mkuki ukakataa. Kuzman akageuka, na sharubu zile zilizoogopwa na paka zilikuwa zinatetemeka.

"Limeshika," akasema. "Mtende wako umeshika."

Akaufungua uzi mkononi mwake, akaufunga kwenye kuti. Dafina akamkumbusha kwamba uzi hufungwa kwenye mti uliochanua. Akajibu kwamba huu nao umechanua kwa namna yake, na mwenye pingamizi aende kwa padri.

Tseno alimtazama, akaitazama na ile ndoo ambayo Kuzman alitekea maji, kule ukutani. "Kuzman," akasema, "rakia yako ni bora kuliko yangu."

"Hilo ulishasema. Ulikuwa unaomba taa."

"Leo siombi taa."

Kuzman akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Na Ralitsa akaingia getini, akatupa begi, akampita baba yake, akampita mama yake, akaukumbatia mtende mpaka manyoya yakamchoma shavu. Kisha ndipo akawarudia wazazi wake, akalia mabegani mwao, nao wakaridhika na nafasi ya pili. Basi na ikumbukwe, enyi wajukuu wa wajukuu, kwamba mwaka ule Mfalme wa Kaskazini, aliyeiteka mito na kuyapasua mabomba, alishindwa na mti mmoja, mfarishi mmoja na taa za karne iliyopita. Kuti lile lilifunguka Jumatatu ya Pasaka, na uzi ukiwa katikati yake. Nami Gavril, niliyezionja zote mbili kila mwaka tangu nilipoanza kuchochea moto huu, nashuhudia mbele yenu na mbele ya moto wenyewe kwamba rakia ya Tseno ndiyo iliyokuwa bora; ila Kuzman msimwambie.