Nitawazidi Wote kwa Huruma

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mkuu wa huduma kwa wateja anastaafu. Kiti kitupu. Mimi, Petrus Haimbodi, nimeuza matangi ya maji katika kampuni hii kuliko mtu yeyote Windhoek. Kiti ni changu, basi.

Lakini leo bosi wetu, Meme Selma, mama wa ofisi, katuletea mwalimu wa semina. Somo: akili ya hisia. Mwalimu kasema ufundi humpa mtu kazi, lakini kinachompandisha cheo ni kujua wenzake wanahisi nini. Meme Selma akaitikia kwa kichwa. Akaongeza kwamba mkuu mpya atachaguliwa kwa kigezo hicho hicho.

Nikatazama huku na huku kumsaka mpinzani. Gerson wa uhasibu? Hana hisia, ana jino bovu tu. Tate Nghifikwa wa stoo? Baba wa watu, mzee mkimya, hataki makuu. Amebaki Lahja Amwaama, tunayekaa naye meza moja. Hakuandika neno hata moja semina nzima. Alikuwa anasikiliza tu. Maskini!

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na mbinu ya kwanza: mrudishie mwenzako maneno yake, ajue amesikika.

Bahati ikaleta simu. Mama mmoja wa Katutura, tangi limepasuka, nyumba imejaa maji. Nikaweka sauti ya upole.

"Nasikia ukisema tangi limepasuka."

"Ndiyo, limepasuka!"

"Nasikia ukisema ndiyo, limepasuka."

Kisha akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia nasikia akiuliza kama nina akili timamu. Hapo alitoa maneno ambayo sikuyarudisha, maana Meme Selma alikuwa anapita.

Lahja akanipokonya simu. Akamwuliza yule mama kama watoto wana maji ya kunywa. Akamsikiliza kidogo, akaita dereva, akapeleka tangi jingine. Mama akashukuru mpaka nikamsikia mimi niliyekaa upande wa pili.

Huo ni udanganyifu. Semina haikutaja gari popote.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili: zitambue hisia za wenzako, uzitaje.

Asubuhi nimemtajia Gerson kwamba ana hofu. Akashika shavu, akasema ni jino. Nikamwambia jino ni hofu iliyojificha. Akaniambia nitoke mbele yake. Hasira! Nayo nikaitaja.

Nikamwambia Lahja namwona ana wivu. Kasema ana njaa. Akanigawia nusu ya mkate wake. Nikaula, lakini macho sikumwondolea.

Mchana nikaingia kwa Meme Selma mwenyewe. Ni mjane, kila mtu anajua, na hakuna anayelisema. Nikaona pengo la kujaza. Nikainamisha kichwa: "Meme, nauhisi upweke wako."

Akanitazama. Akautazama mlango. Akanitazama tena. Nikaondoka kwa utulivu mkubwa. Nadhani nimemgusa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Saa ya chai nilipita stoo. Nikamsikia Tate Nghifikwa nyuma ya matangi, anazungumza kwenye simu, sauti inakatika. "Kaisara amekufa? Nimemlea mimi tangu mdogo, kwa mikono yangu hii." Akakata. Akajifuta uso kwa kofia.

Mtoto wake! Moyo ulinidunda. Nakiri haikuwa huzuni tupu. Mwalimu alisema kwenye msiba ndipo huruma hujulikana, nami nimeujua kabla ya Lahja.

Nikakimbia hadi chumba cha chakula. Nikagonga kikombe. Nikatangaza kwamba mwenzetu wa stoo amefiwa na mwanawe kipenzi, Kaisara. Wanawake wakashika vifua. Nikaongoza sala, ndefu, mpaka Meme Selma akafika mlangoni akainamisha kichwa. Nikairefusha.

Tate Nghifikwa akaingia na kikombe na sahani yake kuchukua chai. Akatukuta tumesimama. Akauliza kwa woga nani amekufa.

"Mwanao, Tate. Kaisara."

"Kaisara ni ng'ombe wangu."

Nikacheka. Ningefanyaje? Nikatazama nyuso, nikaona midomo miwili mitatu inataka kucheka pia, ila mzee akaanza kutetemeka kidevu. Kikombe kikaanza kugonga sahani yake.

Lahja akampokea kikombe. Akamvutia kiti. Hakusema nasikia wala nahisi. Aliuliza tu: "Alikuwa wa rangi gani, Tate?"

Mzee akasema mwekundu, ana baka jeupe begani. Akasema mwaka wa mafuriko kule kaskazini mama yake mzazi aliugua, na magari hayafiki. Kaisara akamvuta juu ya gari la miti, maji yakimfika tumboni, hadi barabara kuu. "Mimi nilikuwa huku, napanga matangi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mtoto kwa mama yangu." Mama akaishi miaka mingine mingi.

Hata Gerson alisahau jino lake. Nami nikaona ni vyema kuwapunguzia watu uzito. Nikamnong'oneza Gerson kwamba Kaisara kwa ukubwa huo angetoa kapana, nyama choma ya sokoni, ya kuishibisha ofisi nzima.

Sijui kwa nini vyumba hunyamaza hasa ninaponong'ona.

Ijumaa, 8 Machi

Lahja ndiye mkuu mpya.

Meme Selma aliniita mwenyewe kuniambia. Kasema mauzo yangu ni mazuri, hana neno. Lakini watu wakiwa na shida hawanifuati mimi. "Petrus, wewe mtu akilia unatazama nani anakutazama." Kisha akaniuliza ninajisikiaje. Nikasema vizuri sana. Akauliza tena, taratibu. Nikasema vizuri sana, Meme, nikaonyesha meno yote. Akasubiri. Nikajifuta macho, sijui kwa nini, labda vumbi. Nikaomba ruhusa nitoke.

Alinishauri nimwombe radhi Tate Nghifikwa. Ushauri mzuri. Nikamsimamisha mzee penye mlango wa stoo, mahali ambapo Meme Selma hupita akienda nyumbani. Tukasubiri. Nikamwuliza habari za mvua. Tukasubiri tena.

"Sema tu, mwanangu," akaniambia. "Najua unachotaka kusema. Mimi sina kinyongo."

Nikamwomba avumilie kidogo. Meme hakupita, kumbe aliondoka mapema. Ikabidi nimwache mzee aende, nao msamaha nikauahirisha. Kitu kizuri kama hicho hakiharibiwi bure.

Jumatatu, 11 Machi

Lahja amekalia kiti. Hajabadilika, jambo linalonitia shaka. Asubuhi kavuta kiti kando yangu, kaniuliza kama nilipata usingizi mwisho wa juma. Kasema anajua kiti nilikitaka, na angependa nifundishe wauzaji wapya, maana hakuna anayejua kazi ile kama mimi. Macho yake yalikuwa matulivu na ya kweli. Mwerevu kupindukia! Ananichunguza. Nikamjibu kwa mafumbo mpaka akachoka akaenda.

Mchana tangazo jipya ukutani. Mwezi ujao yule mwalimu anarudi, na somo litakuwa unyenyekevu.

Nimesoma mara mbili. Nimewatazama wote mmoja mmoja: Gerson, mzee wa stoo, Lahja mwenyewe na cheo chake. Hakuna hata mmoja anayenifikia. Katika unyenyekevu nitawaacha mbali sana, na safari hii nitahakikisha Meme Selma amekaa mstari wa mbele.