Bahasha Niliyokatazwa Kuifungua

Kwa Chifu,
Lokesheni ya Kyanguluni, Kitui.
26 Julai 1999

Mheshimiwa Chifu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini yule ng'ombe wako aliyekuwa akikohoa amepona. Mimi ni Kalondu Ndeti wa Kidato cha Pili, binti ya Mbula, msusi wa viondo.

Kikundi cha mama kina jina lake kwenye mtandao wa kompyuta, ili wanunuzi wa mbali waone viondo vyao. Jina liliandikishwa Nairobi, na mimi nikawekwa kuwa mwenyewe kwa sababu ndimi niliyejaza fomu. Ofisi ya huko ikaniletea bahasha yenye neno la siri. Nisipopiga simu kutoka posta ya Mwingi na kulitaja neno hilo kufikia Ijumaa, jina litapewa mtu mwingine, na viondo vilivyosukwa tangu masika havitakuwa na wa kuviona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema barazani kwamba Serikali haiwezi kulala ilhali kuna jina katika lokesheni hii ambalo mwenyewe haimjui. Nilipiga makofi. Kisha ukaichukua bahasha yangu ikiwa bado imefungwa. Sikuwa nimeifungua, kwa maana juu yake paliandikwa SIRI, na mwalimu wetu hutukataza kusoma siri.

2. Uliifungua, ukaandika yote katika Daftari la Mtandao: jina langu, ukoo wangu, mbuzi wetu, na neno la siri. Bahasha ukaifungia kabatini. Ufunguo umekwenda na mke wako Kasikeu kwenye harusi.

3. Daftari limefungwa kwa mnyororo lisiibwe. Hilo ni jema. Ila limefungwa kwenye meza ya verandani, na wanaongoja vibali vya kuuza mifugo hulisoma. Jana Musyoka mchinjaji aliniita sokoni, "Wewe mwenye mtandao! Mbona mbuzi wenu ni wanne tu?"

4. Nilipokuja kulisoma mimi, karani wako Ndolo alilifunika kwa kofia. "Msichana, haya ni mambo ya Serikali. Lete barua ya mwenye jina." Nikamwambia mwenye jina ni mimi. Akasema, "Basi jiandikie."

5. Kwa hiyo aliyebaki bila kuijua siri yangu ni mimi peke yangu.

Naomba nipewe neno langu kabla ya Ijumaa. Baadaye daftari litiwe ndani ya kiondo kisicho na mdomo (mama amekubali kukisuka), lilindwe na askari wawili wasiojua kusoma, nawe uape barazani kwamba umelisahau neno hilo.

Nisalimie watoto, na mama yao akirudi, na Ndolo pia.

Ni mimi mtiifu wako, ambaye pia ni mwenye jina,
Kalondu Ndeti

Baada ya kuandika: Nilikwenda Mwingi kununua bahasha ya barua hii. Bwana Othman muuza chai akaniuliza kama neno la siri linanifaa, akalitamka lote. Mama mmoja wa kuku akamsahihisha herufi ya mwisho. Nimepiga simu, na jina ni letu mwaka mzima. Tafadhali daftari libaki verandani, wazi, kwa maana mwakani nitakuwa nimesahau. Neno lenyewe siliandiki hapa, kwa kuwa ni siri.